Ami yangu na daktari wa Craiglockhart

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: daktari wa akili wa jeshini, mfano Mwingereza W.H.R. Rivers wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akumbukwe kwa aliowaponya au kwa aliowarudisha vitani? Nilitaka kujibu kwa mstari mmoja: kwa aliowarudisha. Siegfried Sassoon, mshairi na ofisa wa jeshi, aliletwa kwa Rivers, hospitali ya Craiglockhart, Edinburgh, Julai 1917, si kwa kurukwa na akili, bali kwa kuandika waziwazi kwamba vita vinarefushwa makusudi na wenye uwezo wa kuvimaliza. Ilipofika Novemba, akapitishwa kuwa yu fiti kurudi vitani. (Na msije mkachanganya: mshairi mwenzake Wilfred Owen, aliyeuawa wiki moja kabla ya vita kukoma, hakuwa mgonjwa wa Rivers. Alitibiwa na daktari mwingine, Brock, hospitali hiyohiyo.)

Halafu Craiglockhart ilikuwa ya maofisa. Vita hivyohivyo vilifika kwetu Tanga Novemba 1914, na mpaka leo tukivisimulia tunaanza na nyuki waliowavamia askari. Wapagazi waliokufa kwa maradhi na njaa hawakupata hata wa kuwahesabu vizuri, seuze wa kuwauliza wanaota nini.

Ila aliyenisukuma kuandika si Rivers, ni ami yangu. Alikuwa mgambo, na kazi yake korona, mashine ya kusindika mkonge, si ile ya barakoa. Vita vya Kagera vilipoanza 1978 akachukuliwa. Akarudi 1979 na viungo vyote, tukampokea kwa vigelegele. Baada ya hapo hakusema. Si kwamba alinuna: ukimwita anaitika, ukimpa chakula anakula, lakini neno la pili halitoki. Usiku analala uani, mgongo ukutani, macho mlangoni. Hospitali ya akili ya Lutindi ipo, kule milimani Korogwe, tangu enzi za Wajerumani, lakini bibi hakutaka kusikia. "Mwanangu si mwehu, kuna kitu kimempanda." Akaitwa fundi wa kupunga pepo kutoka Tongoni.

Mimi nilikuwa mtoto wa kutumwa makaa ya chetezo, kwa hiyo niliona yote. Ami akafunikwa shuka jeupe, ngoma ikapigwa, ubani ukafuka mpaka machozi yakatutoka. Kawaida pepo huulizwa ni nani, katoka wapi, anataka nini; naye hutaja jina lake, kisha hudai halua, kilemba, mbuzi. Mbuzi bibi alishamkopa. Fundi akauliza, "U nani wewe?" Ami akasimama wima ndani ya shuka, akataja namba yake ya jeshi. Akaulizwa tena, akairudia namba ileile, na cheo. Wanawake wakacheka kidogo. "Umetoka wapi?" "Lukaya." Akaanza kuieleza barabara ya Lukaya, kule Uganda, iliyopita kinamasini: nani alikuwa mbele yake, nani kulia, nani aliomba maji. Wapiga ngoma wakadhani ndipo pa kukoleza. Fundi akawanyoshea kiganja. Hakuuliza tena pepo anataka nini. Aliuliza, "Na mwingine?" Ami akataja mwingine. "Na mwingine?" Ikawa hivyo hadi karibu na adhana ya alfajiri, watu wa Singida, wa Mara, wa Songea, na kila mmoja alivyolala. Mbuzi hakuchinjwa. Bibi alimrudisha kwa mwenyewe, mwenyewe akadai malipo ya malisho, wakagombana mpaka jirani wakaingilia.

Mwaka uliofuata, 1980, madaktari wa akili wa Marekani wakayaingiza rasmi maradhi ya namna hii katika kitabu chao cha utambuzi. Fundi hakukingoja.

Basi nilikusudia kumalizia hapo: mkumbukeni fundi, Rivers mwacheni. Lakini nimekwama. Huyu Rivers kabla ya vita alikuwa mtafiti wa watu. Mwaka 1898 alifika na wenzake visiwa vya Torres Strait, kaskazini mwa Australia, baadaye visiwa vya Melanesia katika Pasifiki, na katika mihadhara yake kwa madaktari wa London, 1915 na 1916, alieleza kwamba uganga wa watu wale una mantiki yake, kwa kuwa unafuata wanachoamini kuhusu chanzo cha maradhi. Desemba 1917 akawaambia wenzake kwamba kumwamuru askari asahau ndiko kunakomzidishia ugonjwa. Na mwenyewe alikuwa na kigugumizi. Mtu kama huyo angekaa mkekani pale kwa bibi bila kukunja uso.

Isitoshe, Rivers alifanya ambalo fundi hakulifanya: kesho yake alimsikiliza mgonjwa tena. Ami alipewa usiku ule mmoja. Akaanza kulala ndani, akarudi korona, bibi akatangaza amepona, na tangu hapo ikawa mwiko kutaja Lukaya nyumbani kwetu. Pombe alijifunza baadaye, na sijui kama anayo ya kulaumiwa zaidi ya sisi tuliokaa kimya.

Kwa hiyo kura yangu mwekeeni Rivers, upande wa waponyaji. Iandikeni kwa penseli, maana Sassoon alirudi kweli vitani na Julai 1918 akapigwa risasi ya kichwa. Kuishi kwake hadi 1967 si kazi ya daktari. Na mkiwa na nafasi ya mshindi wa pili, yupo fundi wa Tongoni, ambaye bibi alimpunguzia ujira kwa hoja kwamba mbuzi hakuchinjwa.