Simu inaisha chaji haraka ukiwa vijijini? Angalia mtandao kabla ya kulaumu betri

Mkuu uliyeuliza kwa nini simu yako ukiwa Dodoma mjini inafika usiku na chaji, ila ukienda Bahi saa nane mchana imeshazima: usikimbilie kununua betri.

Mimi nanunua alizeti, nashinda kwenye pikipiki kati ya Kibaigwa na vijiji vya ndani vya Kongwa. Mla chaji mkubwa huku ni mtandao. Simu ikiwa mbali na mnara inaongeza nguvu ya kurusha mawimbi, na mtandao ukipotea kabisa inahangaika kuutafuta, hata kama iko mfukoni kioo kimezimwa. Laini mbili ndiyo balaa zaidi. Ingia Mipangilio, Betri, kisha matumizi ya betri. Siku ya kijijini usishangae mtandao wa simu ukiwa juu ya WhatsApp.

Nikiacha tu lami naitoa simu kwenye 4G inayokuja na kukata, naishusha 3G au hata 2G. WhatsApp itasuasua, sawa, lakini simu na meseji za malipo zinaingia, na wakulima wangu wanapiga, hawachati. Laini ya pili nazima. Vipande ninavyojua havina mtandao kabisa, naweka hali ya ndegeni mpaka nitokee.

Halafu joto. Jua la Oktoba na Novemba huku halina masihara, na mtu kafunga simu kwenye usukani wa bodaboda, ramani iko wazi, mwanga kaupandisha mwisho, pawabenki inachaji hapohapo! Apple wenyewe wanasema iPhone itumike kwenye joto lisilozidi nyuzi 35; likizidi sana, betri inaweza kupoteza sehemu ya uwezo wake moja kwa moja, ukijaza 100 haidumu kama mwanzo. Yangu inakaa mkobani, na ikiwa ya moto inapoa kivulini ndipo nachomeka chaji.

Kufunga programu kila dakika achana nako, kuziwasha upya kunakula zaidi. Kusubiri hadi 0 ndipo uchaji yalikuwa mambo ya betri za nikeli. Hizi za lithiamu hazipendi kukaa tupu. Mandhari nyeusi inasaidia kwenye kioo cha OLED (kila nukta inajiwashia mwanga wake, nyeusi inazimwa), kwenye LCD (taa ya nyuma inawaka muda wote) ni urembo tu.

Ikianza kuzima hata mjini ikiwa na asilimia 30, hapo betri imechoka kweli, badilisha. Ila ukiona mgongo wa simu umevimba, usiubonyeze wala usichaji tena, mpelekee fundi.