Mistari ya Penguin kwenye fremu
Umeuliza ile mistari mipana mitatu ya majalada ya vitabu vya Penguin (wachapishaji wa Uingereza) vya 1935 ikae wapi kwenye fremu ya baiskeli. Weka kwenye bomba la kiti, lile linaloshika kiti: limesimama, kwa hiyo chungwa, krimu, chungwa zitapangana kama kwenye jalada lenyewe. Ukiiweka bomba la juu utapata pundamilia. Piga msasa, praima (rangi ya kwanza ya chini), halafu krimu kote. Ikishakauka kabisa, ziba ukanda wa kati kwa tepu ya karatasi ndipo upulize chungwa. Tepu uibandue rangi ingali mbichi kidogo, la sivyo kingo zitameguka (yalinikuta). Ila kama wewe ni wa hadithi za upelelezi, chungwa si yako. Hizo Penguin walizipa kijani. Jina liandike kwa urefu wa bomba, ukilizungusha halisomeki.