Maswali na majibu: Kampuni ndogo ya ujenzi na zabuni kubwa ya umma

Tumejenga madarasa, vyoo na mitaro kwa miaka sita. Tukiomba kazi kubwa ya serikali, bei yetu huwa ya chini kuliko za wenzetu, lakini tunaenguliwa mapema. Kuna mkono wa mtu?

Inawezekana, ila kwanza tazameni kazi ya tathmini inavyokwenda. Kwa kawaida kamati huanza na ukamilifu wa nyaraka. Bei hulinganishwa baadaye, na mzabuni hapewi mkataba kabla uwezo wake haujathibitishwa: wastani wa mauzo ya ujenzi kwa mwaka, fedha iliyo tayari, kazi zinazofanana, wataalamu na mitambo. Vigezo hivi hupimwa kwa ndiyo au hapana. Ukikosa kimoja, bei nzuri haikuokoi.

Kinachowaangusha wengi ni uthibitisho wa kazi zilizopita. Barua nyingi za waajiri husema kampuni fulani "ilitufanyia kazi ya ujenzi na tumeridhika nayo", sahihi, muhuri, basi. Mtathmini hana la kufanya na barua hiyo hata kama jengo limesimama na watu wanalitumia. Anatafuta jina la mradi, thamani ya mkataba, tarehe ya kuanza na ya kukamilisha, kama ulikuwa mkandarasi mkuu au mdogo, na vipimo: kilomita ngapi za lami, ghorofa ngapi, mita ngapi za ujazo wa zege. Andaeni rasimu yenye mambo hayo yote, mumpelekee mwajiri aihakiki na kuisaini wakati wa makabidhiano, mhandisi aliyesimamia akiwa bado yupo. Akishahamishwa, mtazungushwa ofisi hadi ofisi.

Kuhusu huo mkono wa mtu, ombeni kwa maandishi sababu za kuenguliwa. Sheria nyingi za ununuzi wa umma zinawapa haki hiyo. Sababu mtakayopewa ikiwa haimo kwenye vigezo vilivyotangazwa, pelekeni malalamiko kabla ya muda wa rufaa kwisha. Ikiwa imo, basi mmeshajua pa kurekebisha.

Benki inataka niweke fedha taslimu sawa na dhamana yote. Nikiiweka, nitajengea nini?

Hapa ndipo kampuni nzuri nyingi hukwama, na inauma kuona fundi hodari akikosa kazi kwa sababu hii. Dhamana ya zabuni, yaani ahadi ya benki kwamba hutajitoa baada ya kuomba kazi, mara nyingi ni asilimia 1 hadi 3 ya bei, na ya utekelezaji, yaani ahadi kwamba utaimaliza kazi, asilimia 5 hadi 10 ya mkataba. Kwa benki, kukupa dhamana ni kama kukukopesha: ukishindwa kazi, benki inamlipa mwajiri kisha inakugeukia wewe. Isipokujua, inajilinda kwa fedha yako.

Dawa ni kujulikana mapema. Malipo ya miradi yote yapite kwenye akaunti ya kampuni, si ya mkurugenzi. Hesabu zikaguliwe kila mwaka. Kisha tengeneza jedwali la kazi zinazoendelea, mstari mmoja kwa kila mkataba: thamani yake, kiasi kilichothibitishwa na mhandisi, kilicholipwa, gharama iliyobaki hadi kumaliza, tarehe ya mwisho. Lihuishe kila mwezi. Afisa wa mikopo akilisoma anaona kama unajua faida yako iko wapi. Omba kikomo cha dhamana, yaani kiwango cha juu ambacho benki iko tayari kukudhamini, kabla zabuni haijatangazwa, na jadili uweke sehemu tu ya fedha huku malipo ya mradi yakipitia benki hiyo hiyo.

Soma pia masharti ya zabuni yenyewe. Zipo zinazokubali dhamana ya kampuni ya bima, na zipo zinazoridhika na tamko la kudhamini zabuni, yaani ahadi yako ya maandishi isiyohitaji fedha.

Kampuni kubwa inatutaka tuingie nayo ubia. Wao wafanye kazi, sisi tupate asilimia kidogo kwa kutumia jina letu. Tukubali?

Hapana. Katika ubia wa kawaida wa zabuni, kila mbia anawajibika kwa mkataba mzima. Mwenzenu akikimbia, mwajiri anawadai nyinyi. Na uzoefu mtakaohesabiwa baadaye ni wa sehemu mliyofanya kweli; ikiwa hamkufanya kitu, mmejitwisha hatari bure. Dai sehemu ya kazi inayotajwa kwa jina kwenye mkataba wa ubia, kwa mfano makalavati yote, na mhandisi wenu akae saiti. Hesabuni pia vigezo: zabuni nyingi hutaka kila mbia afikie angalau asilimia 25 ya mauzo yanayohitajika, na mmoja wao asilimia 40.

Ninunue greda kwa mkopo ili nifikie kigezo cha mitambo?

Usinunue. Mara nyingi mkataba wa kukodi unakubalika, mradi mwenye greda athibitishe umiliki na kwamba itapatikana kipindi cha kazi. Mkopo wa mtambo unaolala unakula mtaji wa saruji na nondo.

Tumeshinda mkataba mkubwa mara tatu ya wowote tuliowahi kufanya. Tuwe macho na nini?

Fedha ya kuendeshea kazi, kabla ya jambo lingine lolote. Chukua masharti ya FIDIC (shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri) ya mwaka 1999 yanayotumika katika mikataba mingi: mhandisi ana siku 28 za kutoa hati ya malipo, na mwajiri ana siku 56 za kulipa, zote zikihesabiwa tangu mhandisi apokee madai yako. Kokoto uliyolipia tarehe mosi unaiombea malipo mwisho wa mwezi, na fedha inaweza kuingia karibu miezi mitatu baada ya wewe kutoa ya kwako, bila mwajiri kuvunja sharti lolote. Hapo hujaondoa makato ya zuio, yaani kiasi ambacho mwajiri hukata kwenye kila malipo kama kinga ya kasoro, ambayo sehemu yake hushikiliwa hadi kipindi cha matazamio, muda wa kurekebisha kasoro baada ya makabidhiano, kiishe.

Kwa hiyo chora mapato na matumizi wiki kwa wiki. Omba malipo ya awali kama mkataba unayaruhusu, ukikumbuka kwamba nayo huhitaji dhamana. Zungumza na muuza saruji akupe muda wa kulipa. Peleka madai yakiwa na vipimo vilivyosainiwa na matokeo ya vipimo vya zege, kwa sababu dai lenye kasoro hurudishwa na siku zinaanza kuhesabiwa upya.

Mimi ni ofisa ununuzi wa halmashauri. Nataka kuwasaidia wakandarasi wadogo bila kuvunja sheria. Nianzie wapi?

Tangaza mradi mmoja ukiwa na mafungu kadhaa, mkandarasi aombe analoliweza. Hilo ni tofauti na kukatakata zabuni kimyakimya ili kukwepa ushindani, jambo ambalo sheria inakataza. Weka vigezo vinavyolingana na kazi. Kudai mauzo ya mabilioni kwa jengo la zahanati kunawaondoa wanaoweza kulijenga vizuri. Tangaza mpango wa ununuzi wa mwaka mapema ili wapate muda wa kutafuta dhamana na wabia.

Zaidi ya yote, lipa kwa wakati. Kampuni kubwa hustahimili malipo kuchelewa nusu mwaka. Ndogo inafunga, na mafundi wake wanaondoka na mishahara yao haijalipwa. Kabla hujatangaza, hakikisha fedha ya hati tatu za kwanza za malipo ipo kwenye akaunti.