Keria kwenye baiskeli isiyo na matundu ya bolti

Swali: Nina baiskeli ya gia ya mtumba, fremu ya alumini, ringi namba 26. Nataka keria ya kubebea trei 10 za mayai, lakini fremu haina tundu la bolti, si karibu na ekseli wala chini ya siti. Fundi anasema tuitoboe. Nikubali?

Jibu: Hapana ndugu, usikubali. Paipu za nyuma ni nyembamba, na ufa wa alumini hupenda kuanzia kwenye tundu, hasa fremu ikitikiswa kila siku kwenye barabara ya vumbi.

Trei 10 ni mayai 300, yaani kilo 17 au 18 hivi. Keria inayoning'inia kwenye nguzo ya siti iache, nyingi mwisho wake ni kilo 10. Chukua ya miguu miwili, iliyoandikwa kilo 25. Uzito wote usimame juu ya ekseli, klampu za juu zizuie tu keria isiyumbe. Wengi hufunga hata miguu kwa klampu kwenye zile paipu mbili zinazoshuka kutoka kwenye siti. Paipu hizo mara nyingi huwa nyembamba kadiri zinavyoshuka, hivyo klampu ikiteleza kidogo tu inalegea, na keria inakwenda nayo mpaka inakalia tairi.

Kwa chini, mwambie mchomeleaji akukatie vipande viwili vya flatibaa ya chuma: unene milimita 3, upana 25, urefu 60. Upande mmoja atoboe tundu la milimita 10.5 la ekseli, mwingine 5.5 la bolti ya M5, yaani ya unene wa milimita 5. Kipande kivae ekseli kwa nje ya fremu, kisha washa, kisha nati, ukaze kwa spana namba 15. Kisimame kwenye mstari mmoja na mguu wa keria. Kikilala, uzito unakizungusha na nati inalegea. Nati ishike nyuzi zake zote, la sivyo tafuta ekseli ndefu zaidi. Kama yako ni ile ya kufungua kwa mkono, kwa mzigo huu weka ya nati, na hakikisha nyuzi zake zinaingiana na koni zako, zile zinazobana golori ndani ya habu.

Upande wa cheni, ingiza bolti kutokea ndani ili nati ikae nje. Weka gia ndogo kabisa ya nyuma, zungusha pedali, utazame cheni isiguse kichwa cha bolti.

Juu, klampu zishike zile paipu mbili zinazoshuka kutoka kwenye siti: zungusha uzi kwenye paipu, upime, ugawe kwa 3.14: sentimita 5 ni milimita 16. Nunua klampu za chuma zenye mpira ndani za saizi hiyo, zile zinazoshikilia nyaya kwenye magari. Masikio ya klampu yakigusana kabla haijabana, ni kubwa; zungushia paipu kipande cha tyubu au utafute ndogo. Tumia nati zenye plastiki ndani, kwa sababu za kawaida hufunguka kwa mtikisiko. Klampu isibane waya wa breki.

Keria ilale sawa au iiname mbele kidogo, iache sentimita 2 juu ya tairi. Trei zikae juu ya ekseli; zikirudi nyuma zaidi, usukani unakuwa mwepesi mlimani.

Safari ya kwanza beba mchanga kilo 18, si mayai. Baada ya kilomita 20 kaza nati zote upya, kisha angalia juu ya kila klampu: ukiona mkwaruzo mpya, imeteleza, ongeza tyubu kabla ya kupakia trei hata moja.