Maswali ya Bustani: Maharagwe ya Baridi katika Mchanga wa Lamu

SWALI: Bwana Shamba, assalamu alaikum. Mimi ni mama wa nyumbani, mkaazi wa Shela, Lamu. Nyuma ya nyumba nina kiwanja cha hatua kumi kwa sita ambacho nimekizungushia ua wa makuti. Ndugu yangu anayeishi Uingereza alipokuja kututembelea aliniletea paketi ya mbegu za yale maharagwe mapana ambayo watu wa Yemen na Misri huyapikia ful. Paketi imeandikwa Aquadulce Claudia, na maelezo yake yanasema mbegu zipandwe Oktoba au Novemba, zikae ardhini majira yote ya baridi, kisha zivunwe mnamo Juni. Sisi huku baridi yetu ni ya kusi, kuanzia Juni hadi Agosti. Je, nikizipanda Juni zitanizalia? Na kama hazizai, nipande nini katika miezi hiyo, ikiwa maji yangu ni ya kisima na yana chumvi kidogo?

JIBU: Wa alaikumu salaam, dada yangu. Hazitakuzalia, na ningependa uelewe sababu yake ili usije ukajilaumu wewe au mchanga wako.

Mmea huo asili yake ni nchi za Mashariki ya Kati, ambako tangu kale hupandwa mvua za baridi zinapoanza. Uingereza wakulima wa bustani huupanda Oktoba au Novemba kwa sababu mche wake mchanga hustahimili baridi ambayo ingeua kunde kwa usiku mmoja. Mche huchomoza, hufikia urefu wa kiganja, kisha hutulia, huku mizizi ikiendelea kushuka chini. Jua linaporudi Machi, mmea ulio tayari na mizizi huinuka haraka, hutoa maua mapema, na maganda hukomaa mwishoni mwa Mei au Juni, kabla vidukari weusi hawajazaana kwa wingi. Hiyo ndiyo faida yote ya kuupitisha kwenye baridi: kuwahi mavuno na kuwakimbia wadudu. Aquadulce Claudia ni aina iliyochaguliwa kwa kazi hiyo hasa.

Sasa tazama hali ya kwetu. Mmea huo hupendelea joto la nyuzi 15 hadi 20, na joto likipita nyuzi 25 au zaidi kidogo maua yake huanza kupukutika bila kushika ganda. Lamu na Malindi, hata katika Julai tunapojifunika shuka alfajiri na kusema kuna baridi, ni nadra joto la usiku kushuka chini ya nyuzi 20, na mchana hurudi karibu na nyuzi 28. Baridi ya kusi ni baridi kwa ngozi zetu, lakini kwa maharagwe hayo ni kiangazi kikali.

Niliwahi kujaribu mwenyewe hapa Malindi. Nilinunua ful kavu dukani, nikairoweka usiku mmoja, nikazika punje ishirini kwa kina cha sentimita tano chini ya kivuli cha mpapai. Nyingi zilichomoza, zikapanda hadi magotini, zikatoa maua meupe yenye doa jeusi katikati, kama jicho lililotiwa wanja, na harufu yake ilikuwa tamu mno. Kila asubuhi nilikuta maua ya jana yamelala juu ya mchanga, kikonyo kimekatika pale pale kilipoungana na shina. Sikupata ganda hata moja. Nilipong'oa shina nikaona pia mizizi yake ni mitupu, haina vile vinundu ambavyo jamii ya kunde hutumia kujitengenezea mbolea kutoka hewani. Bakteria wanaoshirikiana na mmea huo si wale wanaoshirikiana na kunde, na mchanga wangu haukuwa nao.

Kuna mambo mawili zaidi kuhusu paketi yako, na yote mawili ninayasema kwa uzito. La kwanza ni kwamba sheria ya Kenya inataka mbegu yoyote inayotoka nje iingie kwa kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka inakotoka. Mbegu za maharagwe hayo zinaweza kubeba virusi na hata fukusi aliyejificha ndani ya punje. Ikiwa ziliingia ndani ya sanduku la nguo tu, tafadhali usizifungue wala usimgawie jirani. Wasiliana na ofisi yao kwanza.

La pili linahusu afya. Wapo watu ambao damu yao ina upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na mtu wa namna hiyo akila maharagwe mapana, hasa yakiwa mabichi, chembe nyekundu za damu yake zinaweza kuvunjika kwa wingi. Ndani ya saa chache au siku mbili mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi, macho huwa ya manjano, na mwili hulegea. Watoto wa kiume ndio huathirika zaidi. Upungufu huo umeenea katika nchi zilizokaa na malaria kwa karne nyingi, na pwani yetu ni miongoni mwao, kwa sababu humpa aliye nao kinga kiasi dhidi ya malaria. Wengi wanao bila kujua. Kwa hivyo, kama nyumbani kwenu yupo aliyewahi kupata mkojo mweusi baada ya kula ful au kunywa dawa fulani, asiyale kabisa, na umpeleke hospitali akapimwe. Dalili hizo zikitokea, usingoje kesho.

Nije kwenye swali lako la pili, ambalo kwangu ndilo lenye manufaa zaidi. Wazo la kutumia majira ya baridi ni zuri, ila mbegu ibadilike. Miezi ya Julai na Agosti ni miezi myororo kwa bustani za pwani: mvua kubwa ya masika imekwisha, ardhi bado ina unyevu chini, jua halijawa kali kama la Februari. Kunde zikipandwa mwishoni mwa Juni zitapata mvua za mwisho za kuoteshea na zitakauka maganda yake Septemba bila kuoza, jambo ambalo mpanda kunde wa Aprili hana hakika nalo.

Kwa punje, panda mistari iliyoachana sentimita 60, na kati ya shimo na shimo sentimita 20, kina cha vidole viwili. Aina ya K80, iliyotolewa na watafiti wa kilimo wa Katumani, Machakos, inafaa kwa majani na punje pia, nayo hukomaa kwa takriban miezi mitatu. Pembeni, kwenye ua wako, panda fiwi, ambazo wenzetu wa bara huziita njahi, kila shina umbali wa mita moja, uziache zitambae juu ya fito. Na kona moja weka mashina matatu ya mbaazi, lakini hizo zisingoje kusi. Zipandwe masika yanapoanza, kwa kuwa mbaazi zetu za kienyeji huchukua miezi mingi kabla ya kuzaa, na baadaye utakuwa na cha kutia tui na kulia mahamri kutoka uani kwako mwenyewe.

Kuhusu chumvi, onja maji. Maharagwe ya kawaida ni dhaifu sana mbele ya chumvi, kunde ni imara zaidi kwa mbali, na hii ni sababu nyingine ya kuzichagua. Mwagilia asubuhi, kwenye shina, usiloweshe majani, kwa sababu tone la maji ya chumvi likikaukia juu ya jani huliunguza. Usimwagilie kidogo kidogo kila siku. Mwaga maji mengi mara mbili au tatu kwa wiki ili chumvi isukumwe chini ya mizizi, na utandaze nyasi kavu au majani ya mnazi yaliyokatwakatwa juu ya mchanga. Ua wako wa makuti usiuondoe, kwani upepo wa kusi unaotoka baharini hubeba chumvi yake wenyewe. Samadi ya punda, ambayo Lamu haina uhaba wake, ni nzuri ikikaa kwenye lundo lenye unyevu miezi miwili au mitatu, ukiigeuza mara kwa mara. Ikitumiwa mbichi itakuoteshea kila nyasi aliyoila punda.

Wiki ya tano au ya sita baada ya kupanda, ng'oa shina moja la kunde taratibu, suuza mizizi, kisha pasua kinundu kimoja kwa ukucha. Kikiwa chekundu ndani, kama nyama, jua kinafanya kazi. Kikiwa cheupe au cha kijani, mmea haujilishi vya kutosha, na hapo konzi ya samadi iliyoiva kwa kila shina itausaidia.

SWALI: Mimi niko Malindi. Kunde zangu zina majani mapana ya kupendeza na ninachuma mboga kila wiki, lakini maganda ni ya kuhesabu. Kosa liko wapi?

JIBU: Nadhani jibu umelitaja mwenyewe, ndugu yangu. Kunde inayochumwa kila wiki hutumia nguvu zake kurudisha majani. Gawa tuta lako: upande mmoja uwe wa mboga, upandwe karibu karibu na uchumwe kuanzia wiki ya tatu, na upande wa pili uache kabisa kuuchuma mara uonapo vikonyo vya maua. Angalia pia samadi, kwa sababu ikizidi huleta majani badala ya maganda, na angalia kivuli cha mwembe. Usishtuke ukiona maua mengi yameanguka, maana hiyo ni tabia ya kunde hata ikiwa na afya. Lakini geuza ncha za matawi uzitazame. Ukikuta vidukari weusi wamegandana na sisimizi wanapanda na kushuka, zipanguse kwa vidole vyenye maji ya sabuni, urudie baada ya siku tatu.

SWALI: Kila mwaka mbegu zangu za kunde hutobolewa na fukusi, hata nikizitia majivu. Nifanyeje?

JIBU: Fukusi huyo haanzii ghalani. Jike hutaga mayai juu ya maganda yangali shambani, kwa hivyo vuna ganda linapokauka tu, usiliache likining'inia. Anika punje juani siku tatu hadi ukiuma moja ivunjike badala ya kubonyea. Kisha zijaze kwenye chupa safi ya plastiki hadi shingoni, utikise ili pasibaki nafasi, ufunge kifuniko kwa nguvu na usikifungue hadi siku ya kupanda. Fukusi waliomo hukosa hewa na kufa kabla hawajazaana.