Boti inateleza na mashine inalia kwenye kona: nibadilishe propela gani?

Swali: Shikamoo fundi. Nina boti ya fiba ya futi 21, tumbo la V, naiendesha hapa Kilifi. Wikendi navuta watu wa ski na kubeba wageni watano au sita. Nimefunga Yamaha F150 ya mkono wa pili, na propela ni ya alumini, mapanga matatu, pichi 19. Nikifungua mafuta yote RPM (mizunguko ya mashine kwa dakika) zinafika 5,200 na GPS inaonyesha noti 30, yaani maili 30 za baharini kwa saa. Nikikata kona kali mashine inapiga kelele, RPM zinaruka, na boti inalegea kama imekatikiwa na kamba. Mwenzangu ananiambia mtelezo umezidi, ninunue propela ya chuma cha pua ya pichi 21 ili boti iume maji. Kabla sijatoa hela naomba ushauri wako. Ni kweli pichi kubwa inapunguza mtelezo?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usinunue hiyo pichi 21. Umefanya vizuri kuuliza kwanza, maana propela ya chuma cha pua ni hela nyingi, na ukikosea pichi inakaa stoo.

Tuanze na mtelezo wenyewe. Pichi 19 maana yake ni kwamba propela ikizunguka mara moja, kama ingekuwa skrubu kwenye ubao, ingesonga mbele inchi 19. Maji si ubao, yanakimbia nyuma yakisukumwa, kwa hiyo boti inasonga pungufu. Pungufu hiyo ndiyo mtelezo. Wala usitamani ifike sifuri. Panga la propela hufanya kazi kama bawa la ndege, lazima likutane na maji kwa pembe fulani ndipo lipate nguvu ya kusukuma. Propela isiyoteleza kabisa haisukumi kitu. Ukipiga hesabu ukapata sifuri au chini yake, ujue umekosea kusoma kasi, au pichi iliyogongwa kwenye propela si pichi yake ya kweli.

Hesabu ni hii. Zidisha RPM kwa pichi, gawanya kwa uwiano wa gia, kisha gawanya kwa 1,215. Namba hiyo imetoka kwenye maili ya baharini, ambayo ina inchi 72,913. Ukizigawanya kwa dakika 60 unapata 1,215. Gia ya F150 ni 2.00, yaani mashine ikizunguka mara mbili propela inazunguka mara moja. Kwako basi: 5,200 mara 19 ni 98,800. Gawanya kwa 2, kisha kwa 1,215, unapata noti 40.7. Hiyo ndiyo kasi ambayo boti ingekwenda bila mtelezo. Wewe umepata 30. Noti 10.7 zimepotea, sawa na asilimia 26.

Asilimia 26 ni nyingi kwa boti kama yako. Boti nyepesi ya kasi iliyofungwa vizuri, ikiwa mbio kabisa, hukaa kati ya 10 na 15. Boti nzito ya mizigo inaweza kupita 20 bila fundi yeyote kuwa na kosa, lakini yako si ya mizigo.

Hata hivyo, rudia kipimo. Ulipimia wapi? Kama ni karibu na mlango wa kriki wakati maji yanatoka au yanajaa, mkondo umekuingilia. GPS inapima mwendo juu ya ardhi, na propela haijui ardhi, inajua maji tu. Nenda siku ya maji mafu, mkondo ukiwa mdogo, uache bamvua (maji makubwa) lipite, asubuhi kabla upepo haujaamka. Piga mbio kwenda, geuka, piga mbio kurudi kwenye njia ileile, jumlisha kasi mbili na ugawanye kwa mbili. Beba watu na mafuta yaleyale kila mara. Mkondo wa noti 2 peke yake, kwenye boti yako, unabadilisha mtelezo kwa karibu asilimia 5, na hapo utamlaumu mtu wa propela bure.

Sasa kwa nini nakataa 21. F150 ikifunguliwa mafuta yote inatakiwa izunguke kati ya 5,000 na 6,000, na kwa boti inayovuta ski mimi nataka iwe nusu ya juu ya hapo. Kila inchi moja ya pichi unayoongeza inakula RPM 150 mpaka 200. Inchi mbili zitakushusha mpaka 4,800 au 4,900, chini ya kiwango. Hapo mashine inakuwa kama lori lililojaa linalopanda Mazeras kwa gia kubwa: linakwenda, lakini linajiumiza. Halafu kuna jambo ambalo mwenzako hakulifikiria. Sehemu ya hizo 5,200 ulizo nazo ni za bure, zinatokana na propela kukosa maji. Ukitibu ugonjwa na propela ikashika sawasawa, mzigo utaongezeka na RPM zitashuka zaidi. Pichi kubwa haiongezi kushika maji. Inaongeza hatua tu, na mwenye miguu inayoteleza ukimwambia apige hatua ndefu unamwongezea kuanguka.

Kabla ya kufikiria propela mpya, kuna mambo ya kukagua hapo ulipo.

La kwanza ni bushi. Ndani ya propela nyingi kuna mpira uliobanwa kati ya kitovu cha shaba kinachoingia kwenye shafti na mwili wa propela wenyewe. Kazi yake ni kuachia ukigonga mwamba, ili gia zisivunjike. Ukishaachia mara moja, unaweza kuendelea kuteleza kila unapofungua mafuta, na hesabu itakuonyesha mtelezo mkubwa wakati mapanga hayana kosa lolote. Toa propela, ifute mafuta, chora mstari mmoja wa rangi ya kucha kutoka kwenye kitovu cha shaba, upite juu ya mpira, mpaka kwenye mwili. Rudisha, piga mbio, toa tena. Mstari ukiwa umekatika na pande mbili zimeachana, umeupata ugonjwa. Ukiwa umeitoa, tazama nyuma yake kama kuna mshipi wa kuvulia umejisokota kwenye shafti. Mshipi unakata sili, maji yanaingia kwenye gia, na mafuta ya gia yanageuka meupe kama maziwa.

Kisha mapanga. Funga penseli kwenye fimbo, simamisha ncha yake karibu kabisa na ukingo wa panga moja, zungusha propela kwa mkono. Kila panga lipite umbali uleule. Lililogonga mwamba utaliona, litapita mbali au litagusa. Pitisha kidole kwenye ukingo wa mbele. Vishimo vidogo kama vya sufuria iliyoliwa na chumvi ni alama ya maji kuchemka juu ya panga. Ndiyo, yanachemka yakiwa baridi, kwa sababu shinikizo limeshuka mno mahali hapo, na viputo vinapopasuka vinang'oa chuma. Mara nyingi chanzo ni ukingo uliopinda au uliopigwa tupa vibaya.

Lakini kelele yako ya kwenye kona nadhani ni kitu kingine: hewa. Propela inanyonya hewa kutoka juu ya maji, inazunguka kwenye povu, RPM zinaruka, boti inalegea. Maneno yako mwenyewe. Hewa ina njia zake, na njia kuu ni mashine kukaa juu mno. Weka boti kwenye trela, chukua rula ndefu ya alumini, ilaze chini ya mkuku (uti wa chini wa boti) itokeze nyuma mpaka kwenye mashine. Tazama ile sahani bapa iliyo juu ya propela. Iwe sawa na rula, au juu yake kwa inchi moja isizidi. Kama iko inchi mbili au tatu juu, hakuna propela ya alumini itakayoshika kwenye kona. Kwa kuwa mashine ni ya mkono wa pili, pima na urefu wa tezi pia, yaani ukuta wa nyuma wa boti unaofungiwa mashine. Kuna F150 za shafti ya inchi 20 na za inchi 25, na nimeshaona ya 20 ikifungwa kwenye tezi ya 25. Hiyo haitibiwi kwa propela.

Mashine ikiwa juu kidogo tu, ishushe tundu moja. Matundu ya bolti kwa kawaida yameachana robo tatu ya inchi, na tofauti hiyo unaisikia. Kama iko chini mno, sahani imezama chini ya mkuku, ipandishe tundu moja, maana unakokota chuma ndani ya maji bure. Ila ukipandisha, angalia mkojo wa mashine, ule mchirizi wa maji unaotoka pembeni, ukiwa mbioni. Maji ya kupoozea yakipungua, rudisha ilipokuwa.

Njia nyingine ya hewa hukaa kimya sana. Niliwahi kuhangaika siku mbili na boti ya uvuvi iliyokuwa na dalili kama zako. Tukabadilisha propela mara tatu. Mwisho nikalala chali chini ya trela na tochi, nikaona jicho la fishfainda (kifaa cha kutafutia samaki) limefungwa kwenye tezi, mbele ya propela moja kwa moja, na bati lake limepinda. Kwenye mwendo lilikuwa linapasua maji na kupeleka mkanda wa viputo kwenye mapanga. Tulilisogeza kando kiasi cha shubiri mbili na shida ikaisha. Lala chini ya boti yako, utazame. Ukiwa hapo chini, kwangua magamba na mwani wote. Tumbo chafu linaikaba boti, na kila noti unayokabwa inaandikwa kama mtelezo.

Ukimaliza hayo ndiyo upime tena, na ndiyo tuzungumze propela. Alumini ya pichi 19 ina mapanga manene, na bado yanapinda kidogo yakibanwa na mashine ya farasi 150, hasa kwenye kona na wakati wa kumnyanyua mtu wa ski. Chuma cha pua ni kigumu, kwa hiyo panga linachongwa jembamba na halipindi. Tafuta yenye midomo, yaani ukingo wa nyuma wa panga umekunjwa kidogo kama mdomo wa kijiko. Mdomo huo unayashika maji yasimwagike, unaivumilia hewa kidogo, na unakuruhusu kuinua mashine zaidi kwa trimu, ile swichi ya kuinamisha mashine, bila kupoteza mshiko. Unakula RPM pia, kama vile umeongeza nusu inchi ya pichi au hata inchi nzima. Ndiyo maana wewe unateremka pichi, hupandi.

Kwa boti yako ningechukua chuma cha pua pichi 17 yenye midomo. Tazama hesabu: ikizunguka 5,500, kasi bila mtelezo ni noti 38.5, pungufu ya zile 40.7 za sasa. Lakini mtelezo ukishuka mpaka asilimia 13, boti inakwenda 33.5. Pichi ndogo, mwendo mkubwa.

Mapanga matatu au manne? Kama unachotaka zaidi ni mbio ukiwa na mtu mmoja, chukua matatu. Ila umeniambia wageni sita, ski na kona kali. Hapo mimi naegemea manne, pichi 16, kwa kuwa eneo la panga ni kubwa zaidi, boti inapanda juu ya maji mapema, inabaki juu hata ukipunguza mwendo, na kwenye kona inashika. Utapoteza noti moja au mbili za juu kabisa. Mvutwa ski hatazijua, lakini atajua akinyanyuliwa kwa mvuto mmoja laini.

Kama muuzaji anakubali ujaribu kabla ya kulipa, jaribu zote mbili siku moja, kwa mzigo uleule, na uandike RPM na noti za kwenda na kurudi. Paka shafti grisi ya baharini kabla ya kuivika, na usisahau washa, ile pete ya chuma inayokaa mbele ya propela. Watu huiacha benchini, kisha propela inakula nyumba ya gia. Ile alumini yako usiitupe. Ikiwa bushi ni nzima, iweke botini pamoja na spana yake na pini mpya ya kufungia nati, maana huko nje mwamba hauulizi umevaa propela ya bei gani.