Vita vya 1812: Kongresi iligawanyika

Je, Wamarekani wote waliunga mkono Vita vya 1812? Hapana, hawakuwa kitu kimoja walipoitangazia Uingereza vita Juni 1812. Kumbukumbu za Kongresi zinaonyesha Baraza la Wawakilishi lilipiga kura 79 kwa 49, Seneti 19 kwa 13, na hakuna hata mjumbe mmoja wa chama cha Federalist, chama cha upinzani wakati huo, aliyesema ndiyo. Watu wa New England, yaani majimbo ya kaskazini-mashariki, waliishi kwa meli na biashara ya baharini, vita ilikuwa inawakata riziki. Magavana wa Massachusetts na Connecticut waligoma kabisa kumkabidhi Rais Madison wanamgambo wao.

Na kupinga kuligharimu damu. Huko Baltimore kundi la watu lilibomoa ofisi ya gazeti lililopinga vita. Mwezi uliofuata wakavunja jela walimohifadhiwa watetezi wa gazeti hilo, wakampiga James Lingan hadi kufa, mzee aliyepigania uhuru wa nchi hiyohiyo. Inauma.

Ila tusizidishe: mkutano wa Hartford wa 1814, ulioitishwa na wana-Federalist wa New England, haukutangaza kujitenga na Marekani. Ulidai marekebisho ya katiba, mojawapo vita itangazwe kwa theluthi mbili ya kura.